Ngeli za Historia Fupi: Uainishaji wa Risala za Parishi za Ugogoni

Historia fupi ya parishi ni andiko refu linalosomwa mbele ya mgeni rasmi, baada ya kwaya ya pili na kabla ya mnada wa kuku, na linaloishia kwenye ombi la mabati. Fasili hii inatosha kwa kuanzia. Wapo watakaotaka kuongeza kwamba andiko hilo lazima liwe limepigwa chapa kwenye duka la steshenari mjini, likabanwa pini kwenye kona, na walau tarakimu moja iwe imekatwa na kusahihishwa kwa kalamu ya bluu baada ya wazee wa kanisa kubishana usiku kucha. Hizo ni sifa za umbo. Sifa ya msingi ni mabati. Andiko lisiloomba bati haliwezi kuwa historia ya parishi. Huenda ni tangazo la ndoa.

Eneo la utafiti huu ni Ugogo, nchi ya Wagogo kwenye uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Mpwapwa upande wa mashariki mpaka Kilimatinde upande wa magharibi, kupitia Kongwa, Buigiri, Hombolo na Mvumi. Ni nchi ya mibuyu, uwele na mlenda, yenye mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka pale mvua inapoamua kuja, nayo hujaribu kunyesha yote kati ya Desemba na Aprili. Tumejifunga kwa Waanglikana kwa sababu risala zao ndizo ndefu kuliko zote. Ndugu zetu Wakatoliki nao wanazo parokia na jubilei zao, na wanastahili mtafiti wao mwenye subira yake.

Kule Uingereza, aina hii ya maandishi ilikozaliwa, ilikuwa na muda wa kukomaa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parishi iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na tangu hapo wanakijiji wa Kiingereza hawajaacha kujisoma. Mwaka 1789 kasisi Gilbert White alichapisha kitabu kuhusu kijiji chake cha Selborne, na ndani yake kobe na mbayuwayu wamepata nafasi kubwa kuliko waumini. Mwaka 1899 ukaanzishwa mradi mkubwa wa Victoria County History, wa kuandika historia ya England kaunti kwa kaunti, parishi kwa parishi. Mpaka leo haujakamilika. Makatibu wa parishi zetu wajipe moyo hapo. Wenzao wamepewa zaidi ya karne nzima, maktaba na ruzuku, na bado wanaandika. Katibu wa Ugogoni hupewa taarifa Jumatano kwamba askofu anakuja Jumapili, na Jumapili risala iko mezani.

Mgawanyo wa kawaida wa wanahistoria, yaani kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni na baada ya uhuru, hausaidii hapa, kwa sababu risala hutoka kwa Adamu ikaenda moja kwa moja mwaka 1876 bila kituo. Tumelazimika kukopa chombo cha walimu wa sarufi. Kila risala ina nomino moja inayoitawala, na maneno mengine yote, pamoja na watu, ng'ombe na ukweli wenyewe, hulazimika kupatana nayo. Kwa hiyo tumezipanga risala kwa ngeli.

Kabla ya ngeli kuna dibaji ya tembo, ambayo hukutwa hasa katika parishi zilizo karibu na mji. Tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, na mji wa Dodoma ukapata jina lake. Toleo la pili halisomwi mbele ya wageni. Linasema vijana wa hapa waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja, wakawala, wakasimika mikia kwenye matope, na wenyewe walipofika kuwadai wakaonyeshwa mikia: ng'ombe wenu hao, wamezama. Mtafiti anaunga mkono toleo la pili. Si kwamba lina ushahidi zaidi. Ni kwamba linaeleza vizuri risala ni kitu gani. Mgeni huonyeshwa mikia.

Ngeli ya A-WA

Hii ndiyo kongwe na yenye sauti. Kila sentensi huanza na mtu mwenye cheo, na mtu huyo ana vitenzi vitatu: alifika, aliona, alianzisha. Alifika Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti, mwaka 1876, akiwa na msafara wa chama cha wamisionari cha CMS (Church Missionary Society) uliokuwa njiani kwenda Buganda. Mwaka uliofuata alifyeka barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Alifika Askofu George Alexander Chambers, Mwaustralia, Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanzishwa mwaka 1927, na kanisa kuu la Dodoma lenye kuba likawekwa wakfu mwaka 1933. Alifika Daktari Paul White katika hospitali ya Mvumi mwishoni mwa miaka ya 1930, akatibu, akarudi kwao akaandika mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor. Nadhani wako watoto wa Sydney walioijua Mvumi kabla ya watoto wa Dar es Salaam.

Tazama sasa upatanisho. Ngeli hii ina umoja na wingi, na katika risala umoja ni wa mmisionari, wingi ni wa wenyeji. Mmisionari alijenga, wenyeji walipokea. Mmisionari alihubiri, wenyeji waliitikia. Barabara ya Mackay ilipita kwenye mamia ya kilomita za pori na miiba, lakini kisarufi aliifyeka mtu mmoja. Waliokuwa wameshika mashoka hawamo hata kwenye wingi.

Mwenyeji huanza kuonekana katika umoja, akiwa na jina lake na kitenzi chake, mwaka 1955, Yohana Omari alipowekwa wakfu kule Kampala kuwa askofu msaidizi wa Central Tanganyika, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana nchini. Baada yake anakuja Yohana Madinda, aliyeshika dayosisi nzima mwaka 1971. Tofauti kati ya 1876 na 1955 ni miaka 79. Katika miaka hiyo kulikuwa na wasomaji, walimu, wainjilisti na makatekista waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji wakiwa na Biblia na kibuyu cha maji, na risala inawaita kwa jina moja la jumla: "wenyeji wachache waliookoka".

Mtemi ana kitenzi chake pia, kimoja tu. Alitoa eneo. Alilitoa kwa masharti gani, kwa mazungumzo ya siku ngapi, na nani alikuwa akilima pale, risala haisemi. Lakini watemi wa Ugogo walijulikana pwani yote kwa kutotoa kitu bure. Msafara ukitaka kupita na kuchota maji kisimani ulilipa hongo: vitambaa, shanga, waya. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na manung'uniko ya Stanley kuhusu hongo ya Ugogo yamejaa kwenye kitabu chake. Wazee wale wale, au watoto wao, ndio tunaoambiwa walimpa mmisionari ekari na ekari kwa tabasamu. Msomaji wa risala akifika hapo hukohoa kidogo, akafungua ukurasa.

Ndani ya A-WA kuna tundu. Mwaka 1914 vita vilipoanza, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa CMS kwa kuwa walikuwa raia wa adui, na walimu wao Waafrika wakakamatwa na kuteswa kwa kushukiwa upelelezi. Wengi walikuwa kifungoni Tabora mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Risala husema kwa ufupi: "Kazi ilisimama." Hili ni tatizo la kisarufi, kwamba asipokuwepo mtu wa umoja, kitenzi hakina pa kushika. Nani aliwakusanya watu Jumapili miaka ile miwili? Nani alizika? Sala haikungoja msamaha wa gavana. Wapo waliobaki vijijini wakaendelea, na wajukuu wao wanakaa kwenye mabenchi ya nyuma wakati risala inasomwa.

Utanzu mdogo wa ngeli hii ni "na mama mchungaji". Huyu hana kitenzi kabisa, ana kiunganishi.

Ngeli ya KI-VI

Hapa anayetawala ni kitu: kinanda, kisima, kikombe cha ushirika, kiti cha askofu, kipaza sauti, na siku hizi choo, ambacho kimepanda hadhi tangu wafadhili waanze kuuliza habari zake. Vitenzi vya KI-VI viko katika kauli ya kutendwa. Kilinunuliwa, kilichimbwa, kilizinduliwa, na mara moja moja, kwa sauti ya chini, kiliibiwa.

Kitu kinachonivutia zaidi katika ngeli hii ni chuma cha kupigia Jumapili. Parishi nyingi za vijijini hazikuwahi kupata kengele. Zina ringi ya gurudumu la lori au kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kwa waya, na kando yake nondo fupi iliyosuguliwa na viganja mpaka iking'aa. Ukikigusa chuma hicho alasiri kinaunguza. Mlio wake unafika mbali kuliko kengele nyingi za shaba nilizowahi kusikia, na kila mtoto wa kijiji anajua tofauti ya mapigo ya ibada na mapigo ya msiba. Hakuna risala hata moja niliyoisikia iliyokitaja. Hakikuzinduliwa na mtu.

Kongwa ina haki ya pekee katika suala la vyuma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianza pale mradi wa karanga ambao ulikusudiwa kufika mamilioni ya ekari kwa Tanganyika nzima. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika vitani, pamoja na vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka. Udongo wa Kongwa, ambao mvua ikiisha huwa mgumu kama sakafu ya saruji, ukayamaliza majembe. Mvua ikafanya inavyofanya siku zote. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikabaki kwenye ule udongo. Mtu yeyote wa Kongwa aliyewahi kupanda karanga angewaambia bure, lakini hakuulizwa.

Risala za huko hulifunga jambo hili kwa sentensi moja: "Mwaka 1947 walikuja watu wa karanga." Halafu zinarudi kwenye kinanda. Miaka ya 1960 Kongwa hiyo hiyo ilipokea kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa ANC, FRELIMO na SWAPO, na sentensi yake haipo kabisa. Kwa kuwa wageni hao hawakuacha kinanda, KI-VI haina pa kuwaweka.

Ngeli ya LI-YA

Tunaingia katika ngeli tawala. Jengo, paa, bati, tofali, jiwe la msingi, dirisha, eneo, jina, lengo, ombi, deni: lugha yenyewe imeyaweka yote mahali pamoja, kana kwamba ilijua. Mtu aliyepanga ngeli hizi lazima alishawahi kuwa mhasibu wa parishi.

Historia ya LI-YA ina hatua zinazofahamika. Kwanza waumini walisali chini ya mbuyu. Pili walisali kwenye tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, ambayo ni baridi wakati wa jua, haipeperushwi na upepo wa Agosti, na haikuwahi kuhitaji mfadhili. Tatu likaja jengo la matofali mabichi na nyasi. Nne likaja jengo la matofali ya kuchoma na bati. Risala huziita hatua hizi maendeleo. Aliyewahi kukaa ibada ya saa nne chini ya bati la geji 30 mwezi Oktoba, na mtu wa tatu ndio kwanza anatoa ushuhuda, ana haki ya kuuliza kama hatua ya pili ilifaa kuachwa haraka namna ile. Lakini tembe haina jiwe la msingi, kwa hiyo hakuna mgeni wa kulizindua.

Kutokana na hili tumepata Kanuni ya Jiwe: idadi ya mawe ya msingi katika dayosisi siku zote huzidi idadi ya majengo. Kuna eneo ambalo nisingependa kulitaja lenye mawe mawili kwenye msingi mmoja, la askofu mmoja na la mwandamizi wake, yametazamana. Kuta hazijaanza.

Kutokana na Kanuni ya Jiwe tunapata Kanuni ya Aya: urefu wa aya ni sawa na ukubwa wa msaada unaotarajiwa kutoka kwa anayetajwa ndani yake. Mfadhili aliyefariki hupata mstari mmoja. Mfadhili aliye hai hupata aya. Mfadhili aliyekaa meza kuu, na gari lake liko nje injini bado ya moto, hupata ukurasa, kisha shairi la watoto wa Jumapili.

Sasa angalia kinachotokea risala ikishasomwa. Mgeni rasmi ameahidi mabati ishirini. MC ametangaza hamsini na watu wamepiga vigelegele, kwa hiyo ni hamsini. Waumini wanatoka nje, na pale chini ya mti mzee wa kanisa anaanza mnada wa sadaka za vitu. Anashika yai. Yai linanunuliwa kwa elfu moja, mnunuzi analirudisha kwa Bwana, linanunuliwa tena elfu mbili, linarudishwa. Bibi mmoja aliyetembea toka kitongoji cha mbali na jogoo wake mwekundu kwapani anasimama kando, kimya, akiangalia jogoo anavyopanda bei mpaka anaingia kwenye buti la gari la mtu wa mjini. Fedha ile ndiyo iliyojenga kuta zote nne. Miaka kumi na zaidi ya majogoo na mayai imo kwenye matofali yale, wakati bati, ambalo ni la mgeni, bado ni ahadi. Katika risala kuta zinaelezwa kwa maneno manne: "kwa nguvu za waumini".

Ngeli ya U

Umoja, upendo, ushirikiano, uamsho, ukuaji wa kiroho. Ngeli hii haina wingi na haina habari. Tunapita.

Ngeli ya I-ZI

Hapa pana mambo ambayo risala inayajua yote na haitaki kuyasema: mvua, njaa, ndoa, kesi, barua, rejista.

Kipindi cha 1917 mpaka 1920 Wagogo wanakiita Mtunya. Majeshi mawili yalikuwa yamepita Ugogo, la Wajerumani kwanza, la Waingereza baadaye, na yote mawili yalikula. Yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka kwenye vilindo, yalichukua vijana wa kubeba mizigo ambao wengi hawakurudi. Halafu mvua ikakataa. Halafu mafua yaliyozunguka dunia nzima mwaka 1918 yakafika na huku. Makadirio ya utawala wa Kiingereza yalitaja watu wapatao 30,000 waliokufa. Familia zilisambaa kwenda popote palipokuwa na chakula. Hakuna ukoo wa Ugogo usio na habari ya mtu aliyepotea Mtunya, au aliyezaliwa Mtunya, au aliyeokotwa.

Risala ikifika hapo inasema: "Katika kipindi hiki kazi ya Mungu ilikumbana na changamoto mbalimbali." Aya inayofuata ni ya askofu wa 1927.

Neno hili, changamoto, linastahili kupewa ngeli ya peke yake kwa jinsi linavyobeba mizigo. Mtunya ni changamoto. Ukosefu wa pikipiki ya mchungaji ni changamoto. Miaka ya unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliubatiza jina la Yanga, ni changamoto. Kipaza sauti kinachokoroma ni changamoto. Katibu hana nia mbaya. Amefundishwa kwamba mgeni asihuzunishwe, na kwamba sehemu ya changamoto ndiyo mlango wa kuingilia kwenye sehemu ya maombi. Njaa iliyokwisha kupita haiombewi bati, basi haina kazi pale.

Na bado kalenda ya kweli ya parishi hizi ni ya I-ZI. Muulize mzee yeyote wa Mvumi au Hombolo mtu fulani alizaliwa lini. Hatakwambia wakati wa askofu gani. Atakwambia njaa gani, mvua gani, na ng'ombe walikuwa wapi. Risala inahesabu kwa maaskofu, watu wanahesabu kwa njaa, na kalenda hizo mbili hukutana siku moja tu kwa mwaka, chini ya turubai, moja ikisomwa kwa kipaza sauti na nyingine ikinong'onwa.

Suala la ng'ombe lina utata wa kisarufi. Kwa umbo lake angeingia I-ZI, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai anapatana kwa A-WA: ng'ombe amekuja, ng'ombe wamekuja. Ugogoni yuko A-WA si kwa sarufi tu, ni kwa haki. Ndiye aliyelipa mahari ya bibi wa katibu. Lakini ndani ya risala ng'ombe huonekana akiwa sadaka, au hayupo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na makorongo na mmomonyoko. Mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000 waliondolewa eneo lililoharibika la Kondoa, na mwaka 1986 ikawa zamu ya Mvumi. Ardhi ilipumua, nyasi zilirudi, hilo halikanushiki. Lakini fikiria nyumba ya Mgogo asubuhi baada ya mifugo kuondoka. Zizi tupu, samadi inakauka, mtoto wa miaka kumi na mbili ameshika fimbo na hana pa kwenda. Kama kuna mwaka uliobadilisha parishi ya Mvumi, ni huo. Risala niliyoisikia inautaja kuwa mwaka wa kupatikana kwa vinanda viwili.

Ngeli ya PA-KU-MU

Wanafunzi huchanganyikiwa na ngeli ya mahali, lakini waumini wa Ugogoni wanaielewa vizuri. Pa ni mahali dhahiri, ku ni mahali pasipo dhahiri, mu ni ndani. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu waliokuwa wakiishi kila mmoja karibu na shamba na malisho yake walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Makazi ya zamani yakawa mahame. Makanisa yaliyokuwa katikati ya watu asubuhi, jioni yalikuwa katikati ya mahame. Tangu hapo mtu akisema "tulisali pale" anamaanisha kijiji kipya; akisema "tulisali kule" anaelekeza mkono porini, ambako mbuyu bado upo na makaburi yapo; na akisema "mle" anamaanisha jengo ambalo wewe hulioni.

Risala husema parishi ilianzishwa hapa mwaka fulani. Haikuanzishwa hapa. Ilianzishwa kule, ikabeba jina lake, daftari lake na chuma chake, ikaja.

Siku hizi kuna hali ya kinyume. Tangu Dodoma itangazwe jiji tarehe 26 Aprili 2018, parishi zilizokuwa za kijijini zimejikuta mjini bila kuhama hatua moja. Shamba la uwele la kanisa lina vigingi vya wapimaji. Katibu ameanza kuandika neno "kiwanja" pale baba yake alipoandika "eneo", na ombi la mabati limekuwa ombi la vigae.

Ngeli hii pia ndiyo inayoeleza umri wa ajabu wa parishi. Parishi ikigawanywa, binti hurithi umri wa mama. Dayosisi zenyewe hugawanyika. Ya Mpwapwa ilizaliwa mwaka 1991 kutoka Central Tanganyika, kwenye ardhi ambayo injili ilifika zaidi ya miaka mia kabla. Kwa hiyo usishangae kuona parishi yenye umri wa kijana wa kidato cha nne ikiadhimisha miaka mia na kukata keki.

Walioandika nje ya ngeli

Uainishaji wowote wenye heshima lazima ukubali vielelezo vilivyogoma kuingia kwenye sanduku. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, kipindi Mtunya unaanza, wengi wanamjua kwa ngonjera. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, akianza na koo: nani alitoka wapi, nani alimkuta nani, nani ni mtani wa nani. Mkatoliki yule hakusubiri mgeni rasmi.

Wa pili ni Mwalimu Ernest Kongola, mtoto wa Mchungaji Musa Kongola, Mgogo wa Kianglikana. Alipostaafu kazi ya elimu alikaa akaandika historia ya ukoo wake, wasifu wa watu, habari za mazishi na sherehe, juzuu baada ya juzuu, na akawapa watu wasome. Mwanahistoria wa Kimarekani Gregory Maddox alishirikiana naye, na mwaka 2006 likatoka jina la Kongola kwenye jalada la kitabu cha kitaaluma huko Marekani. Alichofanya hakikuwa cha ajabu. Aliwaandika watu kwa umoja, kila mmoja na jina lake na baba yake na kitenzi chake, kwa imani kwamba wasomaji wake wa kwanza ni wajukuu. Mgeni angekuja baadaye, akitaka.

Hapo ndipo hukumu ya utafiti huu ilipo. Tatizo la risala halitokani na makatibu kutojua historia. Wanaijua, na usiku kabla ya sherehe, wakati wa kubishana juu ya ile tarakimu, huwa inasemwa yote, ya Mtunya, ya ng'ombe, ya kule mahameni. Asubuhi inapigwa chapa ile ya mgeni.

Basi, katibu wa parishi unayesoma haya, endelea kuandika risala, na mabati uombe. Mvua haina utani. Ila andika na ya pili, isiyosomwa kwa mtu yeyote, uiweke na daftari la ubatizo. Na hilo daftari, ambalo liko kwenye kabati la ofisi ya mchungaji chini ya vitambaa vya madhabahu vya Pasaka, mchwa wameshaanza kulisoma kabla yako. Lipige picha kwa simu wiki hii, ukurasa kwa ukurasa.